UZI: Uwanja wa mbele ya nyumba unaopendeza bila kunyweshwa kila siku, kwa hali halisi ya Dar es Salaam

MwanaGoba (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaamu kwenu.

Nimeahidi mara kadhaa katika nyuzi za ujenzi kwamba nitaeleza nilichofanya mbele ya nyumba yangu, na leo nimepata nafasi. Nianze kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika. Nilipohamia Goba nilitaka kile ambacho wengi wetu hutaka, yaani zulia la kijani kuanzia getini hadi barazani. Fundi wa bustani alinishauri tutandike nyasi mwezi Desemba ili sikukuu zitukute uwanja umekamilika, nami nikakubali. Zilipendeza kwa wiki tano. Januari ilipoingia, vuli ikiwa imekwisha na kaskazi inavuma, uwanja ulianza kugeuka rangi ya makuti, ukianzia kandokando ya pevingi ambako joto ni kali zaidi na kuishia katikati. Nilipofukua kipande kimoja nikakuta karatasi ya nailoni imetandazwa chini ya udongo, eti kuzuia magugu. Mizizi ilikuwa imelala juu yake kama tambi kwenye sahani, haina pa kwenda.

Mwaka uliofuata nilipanda tena bila nailoni, na safari hii zilishika vizuri. Kisha ukaja mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua mno, na nikajikuta nimesimama alfajiri na mpira mkononi nikiyamwagia majani maji ambayo jirani zangu walikuwa wakiyasubiri kwa ndoo. Niliona aibu, nikafunga bomba, na zile nyasi nazo zikaenda.

Baada ya hapo nilikaa na kalamu, jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Nyasi zilizoota vizuri kwenye jua letu hupoteza takriban lita 4 za maji kwa kila mita ya mraba katika siku kavu. Uwanja wangu una mita za mraba 90, kwa hiyo ulikuwa ukidai lita 360 kila siku, sawa na madumu 18 ya lita 20, au zaidi kidogo ya uniti nzima ya maji (lita 1,000) kila siku tatu, na hayo yote kwa ajili ya mmea ambao hatuuli wala hauna kivuli. Upande wa pili wa hesabu ndio ulionishangaza zaidi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa ni lita moja kamili. Bati langu linafunika mita za mraba 140, hivyo mvua ya usiku mmoja ya milimita 30, ambayo wakati wa masika si ajabu hata kidogo, hushusha lita 4,200. Maji yote hayo nilikuwa nayatoa kwa bomba kupitia chini ya geti, yakateremka kilima na kumchimbia mtu wa bondeni ukuta wake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Dar es Salaam haina tatizo la jangwa. Mji huu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ila huzipata kwa mafungu mawili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha hukaa mkavu. Nasisitiza hili kwa sababu picha nyingi tunazotumiana za bustani zisizotumia maji, zile za kokoto nyeupe na kakati tatu zilizopangwa, zinatoka katika nchi kame. Wazo lenyewe, ambalo Wamarekani waliliita zeriskepu, lilipewa jina hilo na mamlaka ya maji ya mji wa Denver mwaka 1981, na Denver hupata chini ya milimita 400 kwa mwaka, tena nyingine kwa umbo la theluji. Ukiichukua bustani hiyo kama ilivyo ukaileta hapa, kokoto zitakurudishia joto sebuleni mchana kutwa, na kakati zitaoza mizizi ifikapo Aprili. Kanuni yake ya kupanga mimea kulingana na kiu yake ni njema na nimeifuata, lakini mimea yenyewe na umbo la uwanja lazima vitokane na hali yetu ya gharika miezi mitatu na ukavu miezi minne.

Kazi ya kwanza basi haikuwa kupanda bali kuchimba. Udongo wangu ni mwekundu wenye mfinyanzi. Nilichimba shimo la jaribio lenye kina cha sentimita 30, nikalijaza maji, nikayaacha yanywee, nikalijaza tena na kuangalia saa, na maji yalichukua saa saba kuisha. Kwa udongo kama huo bonde la mvua linafaa, mradi lisiwe na kina kirefu. Nililichimba kwa umbali wa mita 4 kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali kabisa na shimo la maji taka, likiwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 25 katikati, kingo zake zikiteremka polepole kama sahani ya pilau. Bomba la gata linamwaga humo juu ya mawe makubwa yanayovunja nguvu ya maji, na upande wa chini kuna mdomo wa kutolea ziada. Mvua kubwa inapoisha hubaki kidimbwi cha lita zipatazo 1,000, na kesho yake mchana hakipo. Maji yamekwenda chini, ambako jua haliyafikii, na mizizi inayajua.

Ndani ya bonde nimepanda maua ya kana, yale yenye majani mapana, na mchaichai, ambavyo havichukii miguu yao kulowa. Juu ya kingo, pakavu zaidi, kuna sanseviera, yale majani marefu yaliyosimama wima kama panga, pamoja na mishubiri. Ukutani upande wa magharibi nimeweka bogonvilia mbili za rangi moja. Sehemu pekee niliyoacha ukoka ni ukanda wa mita 3 kwa 4 karibu na baraza, ambako watoto hucheza kwa kweli. Huo nauacha ugeuke kahawia Februari bila kuusikitikia, kwa sababu ukoka hulala tu, na mvua ya kwanza ya Machi huuamsha.

Kilichobaki nimefunika kwa matandazo ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja. Hapa naomba niwaonyeshe kitu kimoja. Februari iliyopita, saa nane mchana, jua likiwa la kuchoma visigino, nilifukua matandazo hayo kwa mkono mbele ya shemeji yangu aliyekuwa akinibishia. Juu makumbi yalikuwa makavu ya kukatika. Vidole vilipoingia kwa kina cha fundo la pili, udongo ulikuwa wa baridi na unashikana, na nyungunyungu mmoja alijikunja akarudi ndani kwa hasira. Eneo hilo lilikuwa na siku 11 bila kumwagiliwa.

Kuhusu mwonekano, kwa kuwa nyumba lazima ipendeze pia, nimegundua kwamba bustani ya aina hii huwa na hatari moja, nayo ni kuonekana kama pori. Dawa yake ni ukingo. Nimezungushia kila sehemu mstari wa mawe ya Tanga yaliyolazwa kwa kamba, na njia ya kuelekea mlangoni nimeipa upana wa mita moja na nusu ili watu wawili watembee sambamba. Ukingo ukinyooka, hata mimea ikiwa imejiachia, macho husoma kwamba mwenye nyumba amekusudia. Jambo jingine ni kurudia. Aina tano za mimea, kila moja kwa makundi, hupendeza kuliko aina 25 zilizosimama mojamoja kama abiria wasiojuana kituoni.

Maswali na upinzani vinakaribishwa.

Nuru_Tabata

Asante sana mleta uzi kwa maelezo ya kina. Nina hofu mbili ambazo nadhani si zangu peke yangu. Ya kwanza ni mbu, kwa kuwa umetuambia tuchimbe bwawa mbele ya nyumba katika mji ambao ulikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ya pili ni nyoka katika hayo makumbi.

FundiPevingi

Mkuu, uzi wako umeandikwa vizuri, lakini naomba nitoe maoni ya mtu ambaye kazi yake ni kutandaza pevingi kwa miaka mingi. Wateja wetu hawapendi udongo kuonekana, na wana sababu zao. Hapa mjini vumbi la kiangazi huingia hadi kabatini, tope la masika huingia na matairi hadi barazani, na mpangaji anapokuja kukagua nyumba jambo la kwanza analoliangalia ni kama gari litaingia na kugeuka bila kuzama. Uwanja wa pevingi unafagiliwa kwa dakika kumi na haudai maji hata tone. Ukiongeza vyungu viwili vikubwa pande zote za mlango, mwonekano umekamilika. Sasa kwa nini mtu ajitwike kazi ya kuchimba, kukata makumbi na kupogoa?

MwanaGoba (mleta uzi)

Dada Nuru, hofu zako ni za haki. Mbu huhitaji maji yaliyotulia kwa muda wa wiki moja au zaidi ili yai lifikie kuwa mbu kamili, na bonde langu hukauka ndani ya siku mbili hata katikati ya masika. Ndiyo maana nimesema jaribio la shimo litangulie. Kama maji yanakaa zaidi ya siku mbili, usichimbe bonde hapo. Mbu wa dengi hasa hupenda vyombo vidogo, kama visahani vya chini ya vyungu, tairi kuukuu, vifuniko vya ndoo na gata iliyoziba majani, kwa hiyo ukaguzi uanzie huko. Kuhusu nyoka, yeye hufuata panya na maficho. Mimi huacha upana wa mita moja kuzunguka nyumba bila mmea mrefu wala matandazo, ambao pia husaidia dhidi ya mchwa, na sirundiki mbao wala matofali yaliyobaki karibu na bustani. Sijaona nyoka bado, ingawa kenge mmoja alipita akatutazama sote kwa dharau akaenda zake.

Fundi, hoja ya vumbi na gari naikubali moja kwa moja. Nisichokubali ni uwanja mzima. Gari hukanyaga njia mbili tu zenye upana wa sentimita 50 hadi 60 kila moja, na ukiongeza mahali pa kugeuzia bado utabaki na nusu ya uwanja. Pevingi ikifunika yote, mvua ya milimita 30 juu ya mita za mraba 200 ni lita 6,000 ambazo lazima zitoke getini usiku huohuo. Tukifanya hivyo nyumba 40 za mtaa mmoja, ndipo tunaposhangaa barabara imegeuka mto. Isitoshe, nenda peku kwenye pevingi saa nane mchana mwezi Februari, kisha uniambie kama uwanja huo haudai kitu.

FundiPevingi

Nimekuelewa, na kwa kuwa tunajadiliana kwa hoja nitaongeza ya upande wangu ambayo wateja wengi hawaambiwi. Pevingi zikilazwa juu ya mchanga uliosindiliwa, bila zege chini na bila kuziba maungio kwa saruji, sehemu ya maji huzama katikati ya vitofali. Anayemwaga zege kwanza kisha akabandika pevingi juu yake amejenga sakafu tu. Zipo pia za matundu ambazo ukoka huota ndani yake, na hizo hubeba gari dogo bila shida mradi chini pawe na kokoto iliyoshindiliwa vizuri. La muhimu zaidi ni mteremko. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha, na mteremko huo uelekee kwenye bustani, si getini. Nimetandaza viwanja vingi sana ambavyo bustani imeinuliwa juu kwa tofali kama kitanda, na maji yote yanaikimbia kwenda barabarani, halafu jioni mwenye nyumba anainyweshea kwa mpira. Huo ulikuwa mchoro wa mteja, lakini nakiri kwamba sikuwahi kumpinga.

MamaMjimwema

Mimi ninaishi Kigamboni na hali yangu ni kinyume cha ya mleta uzi. Udongo ni mchanga mtupu. Nilifanya jaribio lake asubuhi hii, na maji yaliisha kabla sijamaliza kuosha mikono. Tena kisima changu kina chumvi. Nyasi zinaungua ncha, miwaridi yote imekufa, na juu ya udongo kuna ukungu mweupe unaofanana na unga. Fundi aliniambia niongeze maji, nikaongeza, na hali ikawa mbaya zaidi. Je, mimi nifunike kokoto tu nikubali yaishe?

MzeeKipupwe

Mama, usikubali yaishe. Nilikuwa bwana shamba kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na shida yako ni ya ukanda wote wa pwani, kwa hiyo nitaieleza kwa utulivu.

Huo ukungu mweupe ni chumvi yenyewe. Unapomwagilia maji ya kisima kidogokidogo kila jioni, mmea na jua huchukua maji na kuacha chumvi, siku baada ya siku, hadi mizizi inashindwa kunywa hata kama udongo umelowa. Ndiyo sababu uliona ukiongeza kidogo ndio mambo yanaharibika. Chumvi hiyo huondolewa kwa maji matamu mengi kwa mara moja, na kwetu sisi maji hayo ni masika. Elekeza gata yako imwage juu ya bustani kuanzia mvua za kwanza za Machi, na mchanga wako unaopitisha maji haraka, ambao unaulaumu, utakusaidia sana hapo, kwa kuwa utaishusha chumvi chini kabisa ya mizizi. Wa mfinyanzi wangehangaika zaidi yako. Wakati wa kiangazi mwagilia mara chache lakini kwa wingi, kila baada ya siku nne au tano, na kamwe usinyunyizie juu ya majani.

Mchanga nao hulishwa. Samadi iliyooza na mboji, ndoo moja kwa kila mita ya mraba kabla ya masika, kila mwaka, maana joto letu huila mboji upesi. Juu yake weka matandazo. Mleta uzi ametumia makumbi, nami naungana naye, ila ninamsahihisha kwa jambo moja kwa heshima: makumbi mabichi yaliyotoka kufuliwa pwani yanaweza kubeba chumvi yenyewe, kwa hiyo yaloweshwe na mvua kwanza kabla ya kutumiwa. Maranda ya mbao yapo tele na ni rahisi, lakini mchwa wa mji huu wataanza na maranda na kumalizia na fremu za milango yako.

Kuhusu mimea, acha miwaridi. Chukua ile iliyozaliwa na upepo wa bahari. Kwa nyasi, pasipalamu huvumilia maji ya chumvi kuliko nyasi nyingine zote zinazouzwa hapa, ingawa nayo iwe sehemu ndogo. Bogonvilia itakupa rangi mwaka mzima, na hapa wengi hukosea: ukiinywesha sana huota majani tu, na ikisikia kiu kidogo ndipo hubeba maua. Hayo tunayoyaita maua yake ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kidoti cheupe cha katikati. Adeniamu, wenye shina nene kama chupa, ambao wauza maua wengi huuita waridi la jangwani, ni mmea wa Afrika Mashariki na shina lake ndilo tangi lake la maji. Lakini utomvu wake ni sumu, ulipakwa kwenye mishale, na mioleanda na minyaa nayo ina sumu, kwa hiyo isikae mahali ambapo mtoto anatambaa.

Kama una pembe yenye kivuli, tafuta mche wa mkilua. Bibi zetu walilivaa ua hilo kwenye nywele, na wataalamu wa mimea walipolipatia jina la kisayansi waliliita Mkilua, kwa Kiswahili kilekile. Unaota wenyewe katika misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya. Mgeni anayeingia getini jioni atasimama kuuliza harufu inatoka wapi kabla hajaiona nyumba, na huo nao ni mwonekano, hata kama si wa macho.

MamaMjimwema

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimeelewa sasa kwa nini kila nilipoongeza ndipo kulipoharibika. Swali moja dogo: kati ya masika na vuli nitapata wapi maji matamu ya mimea michanga? Boza la maji ni ghali mno kwa bustani.

MzeeKipupwe

Marahaba, mama. Je, una kiyoyozi?

MamaMjimwema

Ninacho kimoja, chumbani.

MzeeKipupwe

Basi una kisima kidogo ukutani. Hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu, na kiyoyozi huukamua kama mtu anavyokamua tui. Maji yale hayana chumvi, kwa kuwa yanatoka hewani. Weka ndoo chini ya kile kimpira kinachodondosha nje, uifunike kwa kitambaa kwa ajili ya mbu, na asubuhi yagawe kwa miche. Usiyanywe na usiwape kuku, lakini mimea itayafurahia.

Kwa miche michanga kuna njia nyingine ya zamani. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uzibe tundu lolote la chini, uuzike hadi shingoni katikati ya miche minne, uujaze maji na kuufunika kwa kigae. Maji hutoka polepole kupitia udongo wa mtungi kadiri ardhi inavyokauka, na mizizi huukumbatia. Kwenye mchanga kama wako, ambako maji ya mpira hupita bila salaamu, mtungi ni bora kuliko mipira ya matone inayozibwa na chumvi kila wiki.

Mpangaji_Sinza

Je, sisi wapangaji wa uani tusio na ardhi tufanyeje? Mbele yangu kuna hatua tatu za sakafu na mlango.

Nuru_Tabata

Ndugu Mpangaji, nilikuwa katika hali hiyo miaka mitano. Vyungu vikubwa vitatu hushinda vidogo kumi na viwili, kwa sababu udongo mdogo hukauka kabla ya saa sita mchana. Visogeze vikaribiane ili vitiliane kivuli, weka sanseviera nyuma, mshubiri katikati, na mbele zile vinka za rangi ya waridi ambazo hazichoki kutoa maua. Chini ya vyungu weka vipande vya tofali badala ya visahani, na hapo utakuwa umemnyima mbu makao.

FundiPevingi

Nina swali kwa mleta uzi kuhusu ule ukanda wa nje, kati ya ukuta na barabara. Nyumba zetu nyingi zina ukuta mrefu, na mpita njia haoni bustani ya ndani hata kidogo. Anachokiona ni ukuta, geti na huo ukanda, ambao mara nyingi ni jaa la kifusi kilichobaki wakati wa ujenzi.

MwanaGoba (mleta uzi)

Fundi, umegusa mahali ambapo nilichelewa kupafikia mwenyewe. Ukanda ule ni hifadhi ya barabara, si mali yetu, na kwa barabara nyingi za mitaa msimamizi ni TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa hiyo sikupanda mti wala sikujenga chochote cha kudumu. Chini yake pia hupita mabomba ya maji, na fundi wa bomba akija kufukua hatakuomba ruhusa. Nilianza kwa kuondoa kifusi, kwa sababu saruji na vipande vya tofali huua udongo kiasi kwamba hata magugu hudhoofika, nikaweka toroli kadhaa za udongo wenye samadi, nikautengeneza uwe chini kidogo kuliko usawa wa barabara ili maji ya mtaa yaingie badala ya kuukimbia. Kisha nikapanda mishubiri na vinka, mimea inayong'oka na kurudishwa kwa jioni moja. Vinka wa kwanza waliliwa na mbuzi wa jirani. Mishubiri hawakuigusa.

Bogonvilia nimeipanda ndani ya ukuta na kuiacha iangukie nje, hivyo mizizi iko kwangu na rangi iko kwa mtaa. Kwa anayetaka kuiga: chimba shimo la sentimita 60 kila upande, umbali wa nusu mita kutoka kwenye ukuta, changanya udongo na samadi iliyooza theluthi moja, na usiivunje mizizi unapoitoa kwenye kiriba, yaani kile kifuko cha miche, maana bogonvilia hukasirika ikiguswa mizizi. Panda katikati ya Machi mvua zikishaanza. Nyweshea kwa wiki za mwanzo iwapo mvua itakatika, kisha mwaka wake wa kwanza wa kiangazi uipe ndoo moja kwa wiki. Mwaka wa pili yangu nimeipa ndoo mbili kwa msimu mzima. Ipogoe kila maua yanapokwisha, na uvae glavu, kwa sababu miiba yake huingia bila kubisha hodi.

MamaMjimwema

Nimerejea kutoa taarifa. Ndoo ya kiyoyozi niliiweka jana saa tatu usiku. Alfajiri hii nimeikuta imejaa hadi juu na inamwagikia kwenye mchanga, na kunguru wawili wamesimama pembeni yake wakinywa, maana nilisahau kitambaa. Leo usiku naweka ndoo mbili.